Mtu wa Kumtukana Mama

Jumatatu asubuhi, tukiwa tunabambua karanga kwenye barza, mama aliniuliza ni nani atakayemtukana siku akifa.

Nilidhani ni uzee. Wakati ule alikuwa ameanza kuchanganya mambo: mara aniite kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, mara azunguke nyumba nzima akitafuta kitambaa ambacho kiko kichwani pake. Nikamjibu kwa ile sauti niliyoizoea darasani nilipokuwa bado nafundisha.

"Mama, hakuna muntu atakutukana. Tutakuzika na heshima yote. Na misa, na korali."

"Na heshima," akarudia, akatupa ganda la karanga kana kwamba limemkosea. "Heshima ya nini? Miye niko askofu?"

Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia tangu anizae. Mama yake alipokufa kule Pweto, alisema, yeye alilia mpaka pumzi zikakwama. Watu walimmwagia maji, walimpepea, wapi. Ndipo akaingia mwanamume mmoja wa ukoo wa Mvua, amejifunga kitenge cha marehemu, anachechemea kama marehemu alivyokuwa anachechemea, anapiga kelele kwamba huyu bibi alikula samaki wote wa ziwa, sasa ziwa lipumzike. Wanawake walikuwa wanalia huku wanamrushia maganda ya mihogo.

"Nikacheka," mama alisema. "Nikacheka mpaka nikaona haya. Kisha nikaweza kusimama. Toka siku ile, hakuna muntu moya alinitukana muzuri."

Kwa watu wa upande ule wa ziwa, ukoo wa mtu ni ukoo wa mama yake, na kila ukoo una watani wake. Mama alikuwa wa Bowa, yaani watu wa Uyoga. Watani wao ni watu wa Mfula, yaani Mvua, kwa sababu bila mvua uyoga hautoki ardhini. Mvua anamtukana Uyoga, Uyoga anamtukana Mvua, na ni mwiko kukasirika. Mmoja akifa, mtani ndiye anayekuja kupika, kubeba, na kumcheka marehemu ili walio hai wasizame.

Haya yote niliyasikia siku ile nikiwa na mvi kichwani. Ukoo wa baba naujua. Baba alikuwa mtu wa reli, mtu wa rozari, katoka kaskazini mwa Katanga ambako mtoto anamfuata baba, na alitufundisha kutaja babu zake kama tunavyotaja mitume. Upande wa mama ulikuwa tupu. Alikuja juu ya lori la samaki kuolewa, akashuka katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Lubumbashi ambako hakuna aliyejua ukoo wake, na watu wote wakamheshimu. Maskini mama yangu, aliheshimiwa maisha yake yote.

Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, sifichi.

"Miaka yote hii, mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Basi nikaapa moyoni kwamba nitamtafutia mtu wa Mvua kabla Mungu hajamchukua. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba moyo wake umechoka na tusimsumbue. Mambo ya kutafuta ukoo niliyachukulia kama kazi ya shule: nikanoa penseli, nikavaa viatu vya kutembelea.

Jumanne nikaenda mjini. Nilianza parokiani, wakanionyesha maandishi ya ndoa ya wazazi wangu: mahali pa kuzaliwa, Pweto, basi. Padri haandiki Uyoga. Nikaelekezwa kwenye chama cha watu wa ziwa, ghorofani, karibu na mabenki. Ngazi zile ziliniua magoti. Nikamkuta bwana mmoja mwenye tai, na hapo nikagundua kwamba sijui namna ya kuuliza. Utamwambiaje mtu usiyemjua, samahani bwana, wewe ni Mvua?

Nilimwambia hivyohivyo. Akanitazama kama naomba sadaka.

"Mama, ile ni mambo ya kijiji," akasema. "Siye huku tunashughulika na développement, maendeleo."

Nilimjibu kwamba siku atakapokufa, développement itamlilia vizuri sana. Nikateremka zile ngazi.

Nyumbani mama aliuliza, "Umemupata?"

"Bado, mama."

Akageuza uso ukutani. Sikumbuki kama alikula.

Jumatano ilikuwa siku ya salongo yetu kwenye makaburi. Kila msimu wa mvua wamama wa parokia mbalimbali hujitolea kwenda kufyeka majani juu ya makaburi ya watu wasio na watu. Tangu nilipostaafu sijakosa hata mara moja. Napenda kazi ile kuliko ninavyopaswa: udongo mwekundu, jembe, hewa, na wamama wanaosema uongo mtamu bila kusimamisha mikono. Siku hiyo nilikuwa na mzigo moyoni, nikawasimulia. Nilisema kwa sauti, maana mimi sauti ndogo sina, kwamba mama yangu mzazi ni wa Uyoga, anakaribia kwenda, na anatafuta mtani.

Mbele kidogo kulikuwa na mwanamke mnene ambaye si wa kundi letu, amevaa mfuko wa plastiki kichwani kwa ajili ya manyunyu. Akasimamisha jembe.

"Mama yako eko wa Bowa?"

"Ndiyo, mama."

"Na bado hayakufa?" Akashika kiuno. "Yee! Hata kuoza anachelewa! Siye tunangoya maharagi ya kilio, sufuria inashika kutu, yeye anamaliza pumzi ya bantu bure tu! Umuambie Bowa ile ikauke haraka, tuko na njaa!"

Sasa, mtu atasema: si ulikuwa unamtafuta huyo huyo? Ndiyo. Lakini kichwa kujua ni kitu kimoja, na kumsikia mtu akimwambia mama yako aharakishe kuoza ni kitu kingine. Mimi nilikuwa nimetegemea kwamba mtu wa Mvua atakuja na utambulisho. Atapewa kiti, atapewa Fanta, tutasali kidogo, halafu atatukana kwa utaratibu.

Nilimwinulia jembe. Nilimwambia atoke mbele yangu kabla sijamzika, kaburi la kumtosha tutalipata. Nilisema na mengine ambayo siandiki kwa sababu mimi ni Mkristo. Wamama wakanishika mikono. Yule mwanamke hakunijibu kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyetoa mkono wa salamu ukaachwa hewani, akachukua jembe lake, akaenda zake. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi siku ile niliambiwa mchana kweupe na sikujua.

Nilifika nyumbani bado nimewaka. Nikamweleza mama yote, nikitaka anipe pole.

Mama akaketi. Mwenyewe, bila kushikwa.

"Alisema naoza?"

"Hana adabu yule mwanamke."

"Alisema nachelewa kuoza?" Akaweka kiganja kwenye mdomo wake usio na meno, mabega yakaanza kucheza. "Na sufuria inashika kutu! Oyooo! Ile ni Mfula. Ile ni Mfula kabisa!" Alicheka mpaka machozi. Sikuwa nimeona kicheko kile tangu baba afe. Kisha akapangusa macho. "Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimfukuza, mama."

Kicheko kikakatika.

"Ulifukuza Mfula," akasema polepole. "Ilifika mpaka ku mulango yangu, ukafunga."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi alianza kuniambia, "Rudia. Alisema nini?" Nami nirudie. Jaribu wewe, umeshazaa na kuzeeka, kusimama mbele ya mama yako aliyekuvusha njaa na surua, umwambie anachelewa kuoza. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma somo la pili kanisani. Mama alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Weye hauyui. Na tena weye ni Bowa sawa miye. Bowa haiwezi kuyinyeshea yenyewe."

Nikachukua mwavuli, nikaenda kumtafuta yule mwanamke. Wamama wa salongo walijua tu kwamba anauza samaki wa kukausha kutoka Pweto. Sokoni, kwenye safu ile ya samaki ambayo harufu yake inakaa kwenye nguo mpaka Jumapili, jirani wa meza yake aliniambia ameondoka. Lori lenye mizigo yake lilikuwa limekwama kwenye matope, njia ya Kasenga, akaenda kulifuata.

"Atarudi lini?"

"Muulize matope," akanijibu.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Mama hakutoka kitandani. Kila mlango ulipogongwa na upepo aliinua kichwa, na nilipomwambia si mtu, alikirudisha kwenye mto. Nilimpikia uji akala vijiko vya kunifurahisha mimi. Nilikaa pale nikimtazama mikono, nikawa na hamu naye akiwa bado hapo mbele yangu. Sijui kama kuna jina la hamu ya namna hiyo. Unamshika mtu mkono na tayari umemkumbuka.

Jumamosi ni siku yangu ya uyoga. Mvua zikishakolea, natoka na kikapu kwenda porini, na watoto wangu walio mbali wananicheka kwenye simu, eti sokoni uyoga umejaa. Wanafikiri natafuta mboga. Dada yangu alikuja kukaa na mama, nami nikachagua njia ya Kasenga. Najua na wewe unajua kwa nini.

Pori baada ya mvua ya siku nzima lina ukimya wa kanisa kabla watu hawajafika. Majani yaliyooza yanatoa mvuke, udongo unazama chini ya kiatu. Nilipata chitondo, ule uyoga wa manjano, umejipanga chini ya mti kana kwamba kuna mtu amempangia mgeni. Nikapiga magoti. Na hapo nikamkumbuka mama akiwa kijana, anatangulia njiani, mimi nyuma na kikapu kikubwa kunishinda. Alikuwa na tabia ya kusema na uyoga. Akiuona tu, kabla ya kuinama, alisema, "Mwaonekana, ndugu zangu." Kisha akachuma. Nilikuwa naona haya wasichana wengine wasimsikie. Nilidhani ni mzaha wake tu.

Kumbe alikuwa anasalimia watu wake. Katika mji huu mzima, hao ndio ndugu aliokuwa nao.

Nikalia pale chini ya mti kama mtoto aliyepotea sokoni. Nililia kwa ajili yake akiwa msichana juu ya lori la samaki, amekuja mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia amekonda, ana masikio makubwa, anapika vibaya. Halafu nikajifuta na kitenge, nikasema kwa sauti, "Mwaonekana, ndugu zangu." Nikachuma mpaka kikapu kikajaa.

Nilipotoka barabarani kulikuwa na lori limesimama, limepakwa matope mpaka kwenye vioo, dereva akinunua makaa kwa wamama wa kando ya njia. Juu ya magunia walikaa abiria. Sauti ikashuka kutoka juu huko.

"Yee! Muone! Bowa inachuma Bowa! Unapeleka ndugu zako mu sufuria, muchawi weye!"

Niseme ukweli: hasira ilifika kwanza. Mkono ulitafuta jembe. Kisha nikaona ule mfuko wa plastiki kichwani. Nikakimbilia lori, uyoga ukimwagika njiani.

"Shuka," nikamwambia. "Mama, nakuomba, shuka. Mama yangu eko anakungoya."

Akanitazama kutoka juu.

"Anaoza muzuri?"

Nikashika ubao wa lori.

"Anaoza muzuri sana," nikasema.

Akatabasamu, akaanza kutupa miguu nje ya magunia, akidai nimshike, nisipomshika akivunjika nitamlisha mimi mpaka kufa.

Alipofika kwetu hakupiga hodi. Alipita kwenye barza akasukuma pazia na mguu. "Iko wapi ile Bowa ya zamani? Nilisikia harufu toka Kasenga!"

Dada yangu akasimama, macho yamemtoka. Nikamzuia na mkono. Kisha ikaja sauti ya mama, nyembamba, lakini imenyooka.

"Ni nani anapiga kelele? Ni ile Mfula ya buvivu, inanyesha tu mu shamba ya bengine?"

"Weye hata shamba hauna! Unaota ku kinyesi ya ng'ombe!"

"Na weye wakati wa kukauka unaenda wapi? Unayificha! Mukimbizi!"

Mimi nilibaki mlangoni na kikapu changu. Walianza kwa Kiswahili, wakahamia lugha ya ziwani ambayo mimi nadaka neno moja moja, na kila neno lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Mama alikuwa anampiga kwenye mkono huku anacheka na kukohoa. Hawakuwa wamewahi kuonana. Hawakuulizana hata majina ya wazazi. Yule mwanamke alikwenda jikoni kwangu kama kwake, akapika ule uyoga na karanga, akaja kumlisha mama kwa mkono, akisema, "Kula ndugu zako, mulafi." Na mama, aliyenikatalia uji, akala. Akaomba tena.

Kabla hajaondoka mama alimshika kidole.

"Utakuya? Siku ile?"

"Niko mupumbafu nikose maharagi?"

Jumapili mama alilala mpaka jua likapanda, uso umetulia. Mimi sikwenda kanisani. Nilikaa karibu yake nikimsikiliza anavyokoroma.

Tangu hapo yule mwanamke alipita kila aliporudi na mizigo yake. Aliingia na tusi, akaacha samaki na tusi lingine. Mama alianza kujitayarisha. Namkuta peke yake midomo inacheza, anatafuta la kumjibu. Alikufa mvua hazijaisha, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Kilioni niliwaonya watu wote. Niliwaambia watoto, nikamwambia padri: atakuja mwanamke, atasema maneno, mtu asimguse. Akaja. Alikuwa amefika nyuma kwenye masufuria tangu alfajiri, amewasha moto, amewapangia wamama kazi. Sanduku la maiti lilipoletwa sebuleni akaenda chumbani kwa mama, akatoka amejifunga kitenge cha mama cha kila siku, amekunja mgongo, anaburuta mguu wa kushoto kama mama alivyokuwa anauburuta. Watu wakaanza kutabasamu ndani ya machozi. Akafika mbele ya sanduku, akafungua kinywa.

Hakikutoka kitu.

Akafungua tena. Kidevu kikaanza kutetemeka. Akashika ukingo wa sanduku, akaketi chini sakafuni na kitenge cha mama yangu, akalia. Mtani akilia, nani atasimama? Nyumba nzima ikaporomoka. Dada yangu alianguka, watoto wakapiga yowe, na mimi nikahisi kile alichoniambia mama kwenye barza: pumzi zinaingia na hazina pa kwenda. Tulikuwa tunamzika kwa heshima. Ndicho kitu alichokuwa anakiogopa.

Sijui nilisimamaje.

"Weye wa Mfula!" nikapiga kelele. Watu wakageuka. Maisha yangu yote sijawahi kumtukana mtu mzima mbele ya padri. "Miezi yote hii ulikuwa unangoya maharagi. Ilishaiva, iko inaungua kule nyuma, na weye uko hapa unalia! Ulikuya kula ao kulia? Simama, tumbo ile, tumechoka kuiona!"

Shemeji yangu alinitazama kama nimerukwa na akili. Yule mwanamke akainua uso, akajipangusa na kitenge cha mama, makamasi na yote. Kisha akageukia sanduku.

"Weye Bowa," akamwambia mama. "Hii mutoto yako ya mujini ulimufundisha lini?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu sebule nzima. Padri akageukia dirishani. Mimi nilicheka mpaka nikaona haya, na katikati ya kicheko kile nikageuza kichwa kuelekea chumbani kwake, ili aniambie kama nimetukana vizuri.